Hesabu ya Damu ya Musoma

Mwaka 1956 daktari Anthony Allison alichapisha, katika jarida moja la Uingereza la elimu ya urithi, hesabu za damu ya watu wa Musoma, Tanganyika. Watu wazima aliowapima walikuwa 654. Kati yao 400 walikuwa na damu ya kawaida, 249 walibeba jeni ya selimundu waliyoirithi kwa mzazi mmoja, na 5 tu walikuwa wameirithi kwa baba na kwa mama, yaani walikuwa na ugonjwa wenyewe. Pembeni akaweka hesabu ya watoto wachanga 287 wa huko huko: 189 wenye damu ya kawaida, 89 wenye jeni moja, 9 wenye jeni mbili.

Jedwali ni dogo, ila limebeba misiba mingi. Kati ya wale wachanga, wenye ugonjwa walikuwa karibu 3 katika kila 100. Kama watoto wa namna hiyo wangekuwa wanakua sawa na wenzao, basi miongoni mwa watu wazima 654 wangepatikana wagonjwa 20 hivi. Walipatikana 5. Wengine walikuwa wamekwishazikwa wangali wadogo. Upande wa pili, wabebaji wa jeni moja walikuwa asilimia 31 ya wachanga lakini asilimia 38 ya watu wazima. Hakuna anayeipata jeni ukubwani. Sehemu yao ilikua kwa sababu wenzao wa damu ya kawaida walikuwa wakipungua njiani, na aliyekuwa akiwapunguza ni malaria.

Musoma ya miaka ile ilikuwa pana kuliko manispaa ya leo. Kwa mashariki ilienda mpaka kwa Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, nchi iliyokatwa mwaka 1974 ikawa Wilaya ya Serengeti, makao yake Mugumu. Ng'ambo ya Mto Mara ndiko North Mara, Tarime ya Wakurya, ambayo mwaka 2007 ilimegwa ili Rorya ipate wilaya yake. Ni nchi ya ngazi mbili: juu kuna vilima vya Tarime vyenye ubaridi na migomba, chini kuna mabonde ya mto na ufuko wa ziwa, ambako mbu hana msimu wa kupumzika. Tofauti kama hiyo ya juu na chini, aliyoiona Kenya, ndiyo iliyompa Allison wazo lake.

Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya, Bonde la Ufa karibu na Gilgil, baba yake akiwa mkulima. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari Oxford, alijiunga na msafara wa chuo kwenda Mlima Kenya. Wenzake walifuata mimea na wadudu. Yeye alifuata damu za watu, na pamoja na makundi ya damu akapima selimundu. Matokeo yalimshangaza. Pwani na kando ya ziwa, wabebaji walipita 20 katika kila 100. Kwenye nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Kabila halikutosha kuieleza tofauti hiyo, maana watu wa lugha za karibu walitofautiana kwa jinsi walivyokaa juu au chini. Kilichofuatana na jeni ni mbu.

Ilimbidi amalize kwanza masomo ya udaktari. Alirudi mwaka 1953, safari hii Uganda, akapima watoto 290 karibu na Kampala. Kati ya 43 waliobeba jeni, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasioibeba, walikuwa 113. Kwa asilimia ni 28 dhidi ya 46. Hakuridhika. Akachukua wanaume Wajaluo 30 waliojitolea, 15 wa kila upande, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Waliobeba jeni, waliougua walikuwa 2. Wasioibeba, waliougua walikuwa 14. Jaribio la namna hiyo hufanyika hata leo, Bagamoyo na Kilifi, ila sasa lina kamati za maadili, fomu za ridhaa na daktari anayelala mlango wa pili. Mwaka 1953 kulikuwa na Mzungu mwenye sindano na watu wa kanda ya ziwa, watu wenye ndugu zao Rorya na Tarime, na elimu ambayo dunia nzima imeitumia imejengwa juu ya migongo yao bila majina yao kutajwa. Mwaka 1954 makala tatu za Allison zilitoka, na mjadala wa miaka mingi kuhusu kwa nini jeni inayoua haimaliziki ukapata jibu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1910 na James Herrick wa Chicago, aliyeona katika damu ya mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada chembe nyekundu zilizopinda kama mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo ndani ya himoglobini yenyewe, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akaibaini: katika mnyororo wa himoglobini, kiungo kimoja cha protini kimebadilishwa na kingine. Ni herufi moja tu ya vinasaba iliyogeuka. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 na Daniel Shriner na Charles Rotimi unasema herufi hiyo iligeuka mara moja tu, ndani ya mtu mmoja barani Afrika, miaka kama 7,300 iliyopita. Uzao wake ulienea. Mtafiti Frank Livingstone alikuwa amekwisha kusema mwaka 1958 kwamba mkulima aliyefyeka msitu ndiye aliyemtengenezea mbu vidimbwi vya jua. Wabantu waliofika pembe za Ziwa Victoria na jembe, chuma na vyungu walikuja pia na jeni, na walipofika wakaikuta kazi inaisubiri.

Hadi hapo historia ni ya damu na kaburi. Lakini kuna jambo jingine ambalo jedwali la Musoma halikuweza kulionyesha, kwa sababu Allison alihesabu waliokufa na waliopona. Hakuhesabu walivyopona. Mtoto aliyeponea chupuchupu hukaa baadaye kwenye dawati, mwalimu anaandika ubaoni, na jambo la kwanza atakalotakiwa kuwa nalo ni umakini: kushika mstari wa kwanza akili isije ikahama kabla ya wa pili. Je, jeni ile inafika huko? Inafika, tena kwa njia mbili zinazopingana.

Ianze njia ya kwanza, ile njema. Malaria ikipanda kichwani huleta degedege na kupoteza fahamu. Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba mtoto akizinduka amepona, kwani anatembea, anakula, anacheza. Watafiti Chandy John, Michael Boivin na wenzao Kampala hawakuishia hapo. Waliwafuata watoto waliolazwa hospitali ya Mulago kwa malaria ya ubongo, na baada ya miaka miwili wakawapima akili. Mwaka 2008 waliandika kwamba mmoja katika kila wanne alikuwa na upungufu, wakati miongoni mwa watoto wa jirani zao wasiougua walikuwa asilimia 7.6. Walipotazama ni eneo gani la akili lililoumia zaidi, likawa umakini: asilimia 18.4 dhidi ya 2.5. Maana yake ni kwamba katika kanda ya ziwa wamekuwapo watoto wengi walioitwa wazito wa kuelewa, watukutu, wasiosikia, ambao shida yao ilianzia kwenye wiki moja ya homa waliyoipata utotoni.

Sasa mweke hapo mtoto mwenye jeni moja. Utafiti wa Kilifi na wa maeneo mengine umeonyesha kwamba jeni hiyo moja hupunguza hatari ya malaria kali kwa takribani asilimia 90. Kule Asembo, ufukoni mwa ziwa upande wa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kinga hiyo ikiwaokoa watoto hasa kati ya mwezi wa pili na wa kumi na sita, umri ambao kinga ya mama inaisha na ya mtoto haijakomaa. Huo ndio umri ubongo unapojijenga kwa kasi. Kwa hiyo wale wabebaji 249 wa Musoma hawakupewa uhai tu. Wengi wao walipewa pia ubongo usiopitiwa na degedege. Hakuna mwalimu aliyeweza kuiona zawadi hiyo, kwa sababu kilichokuwapo mbele yake ni mtoto wa kawaida tu.

Tarime ina ukurasa wake katika habari hii, na ni ukurasa ambao naona hautajwi inavyostahili. Katika miaka ya 1960 na 1970 hospitali ya Wamennonite ya Shirati ilikuwa ikipokea watoto wenye uvimbe wa taya unaoitwa saratani ya Burkitt, wengi kutoka mabonde ya chini ya North Mara. Daktari Glen Brubaker alizikusanya kumbukumbu zao, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaamua kujaribu jambo la ujasiri: kama malaria ndiyo inayoiandalia saratani hiyo njia, basi kuizuia malaria kutaipunguza. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 vidonge vya klorokwini viligawiwa kwa watoto wa chini ya miaka kumi katika maeneo ya chini ya wilaya. Mwanzoni malaria ilishuka sana. Kisha ikapanda tena, ugawaji ukilegea na vimelea vikianza kuizoea dawa. Saratani nayo ilishuka, ila ilikuwa imeanza kushuka kabla ya vidonge, hivyo waandishi wa ripoti ya mwaka 1989 hawakuweza kujigamba. Mwaka 2001 Tanzania ikaiacha klorokwini, na tangu 2006 inatumia dawa mseto.

Hakuna aliyewapima umakini wale watoto wa North Mara waliokula vidonge. Ni nafasi iliyopita, maana mpango uliokuwa mikononi mwa watafiti ulikuwa nadra: kwa muda kidonge kilifanya kwa mtoto wa damu ya kawaida kazi ambayo jeni humfanyia mbebaji. Ukiliangalia hivyo, urithi unapoteza ule utukufu wa kuwa hatima. Jeni ilikuwa dawa ya zamani, na dawa ilikuwa jeni ya muda.

Njia ya pili ni ya wale wachanga tisa wa Musoma wenye jeni mbili.

Mtoto mwenye jeni mbili huishi na damu pungufu. Chembe nyekundu zake, badala ya kuishi siku 120, huvunjika ndani ya wiki mbili au tatu. Macho huwa ya njano, mifupa huuma usiku, vidole vya mikono na miguu huvimba akiwa bado mchanga. Hayo wazazi wa Mara wanayajua. Kinachojulikana kidogo ni yanayotokea kichwani. Ubongo unataka hewa ya oksijeni muda wote na hauna ghala. Damu ikiwa nyepesi, mishipa hufidia kwa kuipitisha haraka zaidi. Kasi hiyo ina kikomo, na kuna maeneo yaliyo mpakani, mwisho wa mshipa huu na mwanzo wa ule, ambayo hupata masalia. Mengi ya maeneo hayo yako sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na kazi kubwa ya sehemu hiyo ni kupanga, kujizuia na kukaza umakini.

Kiharusi kikubwa humwangusha mtoto na kila mtu hukiona. Kipo kingine ambacho hakimwangushi. Wamarekani walipoanza kuwapiga picha za ubongo watoto wenye selimundu, waligundua kwamba karibu mmoja kati ya watano ana makovu madogo ya kiharusi bila yeye wala mama yake kujua lini yalitokea. Watoto hao walipopewa majaribio, walianguka zaidi kwenye umakini na kwenye uwezo wa kushika mambo mawili kichwani kwa wakati mmoja. Yaoundé, Kamerun, utafiti wa mwaka 2013 ulikuta picha hiyo hiyo: umakini na upangaji ndivyo vilivyoumia. Mulago nako, Richard Idro na Nancy Green waliwapima watoto wa kliniki ya selimundu na kukuta athari za ubongo zikianza mapema, wengine hata kabla ya kuandikishwa shule.

Tena makovu siyo yote. Mtoto aliyeamka mara tatu usiku kwa maumivu hawezi kuwa makini saa mbili asubuhi. Aliyelazwa wiki mbili amekosa hesabu za kugawanya, na akirudi darasa limeshafika kwingine. Upungufu wa damu wenyewe, bila kiharusi chochote, hupunguza kasi ya kufikiri. Mwalimu wa Mugumu mwenye wanafunzi wengi chumba kimoja anaona mtoto anayeduwaa dirishani. Kwenye ripoti ataandika kwamba hajitumi. Sioni sababu ya kumlaumu mwalimu huyo kwa kutoujua mshipa wa damu asiouona. Namlaumu akishika fimbo.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu jeni nyingine, zile ambazo wataalamu wa nchi tajiri huzizungumzia pakitajwa umakini wa watoto. Kwa kulinganisha mapacha wa kufanana na wasiofanana, wamekadiria kwamba tofauti kati ya watu katika upungufu wa umakini na utukutu uliozidi hutokana na urithi kwa kiasi cha asilimia 74. Mwaka 2019 kundi kubwa la watafiti lilichunguza vinasaba vya watu 20,183 wenye hali hiyo na 35,191 wasio nayo, likapata maeneo 12 yanayohusika. Mwaka 2023 yakafika 27. Kila eneo lina mchango mdogo mno, na wengi wa waliopimwa wana asili ya Ulaya. Mradi wa NeuroDev wa Kilifi na Cape Town ulianzishwa kujaribu kuliziba pengo hilo kwa vinasaba vya watoto wa Kiafrika.

Ile asilimia 74 isomwe kwa uangalifu. Inapima tofauti kati ya watu wanaoishi mazingira fulani, siyo fungu la jeni ndani ya mtoto mmoja. Ilipatikana kwenye nchi ambako degedege la malaria haliko. Ukiihamishia bonde la Mto Mara bila kufikiri, utakuwa umewapeleka mbu wote likizo.

Afrika Mashariki ina mfano wake mwingine, nao unawahusu wafugaji. Mwaka 2008 Dan Eisenberg na wenzake waliandika kuhusu wanaume wa Kiariaal wa kaskazini mwa Kenya, wengine wakihama na ngamia na ng'ombe, wengine wakiwa wamepiga kambi ya kudumu. Waliangalia jeni iitwayo DRD4, inayohusika na mapokezi ya dopamini ubongoni, ambayo sura yake moja imehusishwa na utukutu na kukosa utulivu. Miongoni mwa wanaohama, wenye sura hiyo walikuwa na afya nzuri ya mwili kuliko wenzao. Miongoni mwa waliokaa, walikuwa wamekonda zaidi. Wapo walioichukua habari hiyo wakatangaza kwamba mtoto asiyetulia ni mchungaji aliyezaliwa mahali pasipo pake. Kwa nchi ya Wakurya na Watatoga, hadithi hiyo inavutia mno, na ndiyo maana mimi naikwepa. Waliopimwa walikuwa wanaume wazima wachache, na kilichopimwa ni uzito na urefu, siyo umakini wa mtoto. Aliyewahi kumwona kijana wa miaka kumi akichunga ng'ombe arobaini kando ya hifadhi, penye fisi, anajua kwamba kazi hiyo haifanywi na asiye makini.

Turudi kwenye damu, ambako ushahidi ni mzito. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilikuwa na hazina isiyotumika: karatasi zenye matone makavu ya damu za wachanga, zilizotumwa kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi, Mara ikiwemo, kwa ajili ya kupima virusi vya ukimwi. Emmanuela Ambrose, Luke Smart na wenzao wa Cincinnati waliyatumia matone hayo hayo kupima selimundu. Mwaka 2020 walichapisha matokeo ya sampuli 17,200. Wabebaji walikuwa asilimia 20.3, wagonjwa asilimia 1.2. Huwezi kulinganisha moja kwa moja na Musoma ya 1956, kwani eneo ni pana mara nyingi zaidi, lakini jambo moja li wazi: jeni haijaenda popote.

Kilichobadilika ni umri wa kufa. Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utaratibu chini ya Julie Makani, na ripoti yao ya 2011, yenye wagonjwa 1,725, ilionyesha kwamba kwa matunzo ya kliniki watoto wanaweza kufika utu uzima. Chanjo, dawa ya kuzuia maambukizi utotoni, vyandarua na dawa mseto vimeongeza miaka. Ndiyo kusema kwamba shida ya umakini kwa watoto hawa ni mpya kwa maana moja: zama za babu zao, watoto wengi wenye jeni mbili hawakuishi hadi kushika kalamu.

Na sasa kuna la kufanya. Kipimo cha sauti kinachowekwa kando ya kichwa na kusoma kasi ya damu ubongoni kinaweza kumtambua mtoto aliye karibu na kiharusi. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa, na mwaka 1998 jaribio la Marekani lilithibitisha kwamba kuongezewa damu kila mwezi huipunguza mno. Kuongezewa damu kila mwezi ni ndoto kwa hospitali nyingi za wilaya. Kidonge cha haidroksiyurea si ndoto. Humfanya mtoto atengeneze tena himoglobini ya uchangani, isiyopinda. Jaribio la REACH, lililofanyika Uganda, Kenya, Kongo na Angola na kuchapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba kinafaa na ni salama kwa watoto wa Afrika, na kwamba hata malaria iliwapungua. Bugando imekipeleka mbele kwa kupima kasi ya damu ubongoni kwa watoto wa kanda ya ziwa na kuwapa dawa hiyo wenye hatari. Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wachache, na mwishoni mwa mwaka huo huo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni, ambayo bei yake huko Marekani wakati huo ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Malaria yenyewe inarudi nyuma. Kwa Tanzania Bara na Visiwani, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 18 katika uchunguzi wa 2007 na 2008, na asilimia 8 mwaka 2022. Kadiri mbu anavyoshindwa, ile kinga ya wabebaji inakosa kazi, lakini jeni hupungua kwa vizazi, haipungui kwa bajeti za miaka mitano. Mbebaji wa Tarime ataoa mbebaji wa Mugumu mwaka huu kama walivyooana wazazi wao, na katika kila mimba yao mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi jeni zote mbili. Atakayezaliwa hivyo ana uwezekano mkubwa kuliko zamani wa kufika darasa la kwanza. Sehemu kubwa ya atakachoweza kukishika akilini akiwa huko itaamuliwa na kama damu yake ilipimwa akiwa na wiki chache, na kama kidonge kilimfikia kabla ya mishipa ya mbele ya ubongo kuanza kushindwa.